Stephen Keshi na Swali la Kocha Mzawa

Tarehe 8 Oktoba 2005, mjini Brazzaville, Togo ilitanguliwa kufungwa na Congo mara mbili, ikasawazisha mara mbili, kisha ikaongeza bao la tatu na kushinda 3-2. Kwa ushindi huo nchi ambayo haikuwahi kukanyaga Kombe la Dunia ikakata tiketi ya kwenda Ujerumani 2006, tena ikiwa imeipiku Senegal, timu iliyofika robo fainali ya dunia miaka mitatu tu kabla. Kocha wa Togo alikuwa Stephen Keshi, raia wa Nigeria, aliyekuwa beki wa kati enzi zake za uchezaji. Mashindano yalipoanza Juni 2006, aliyesimama mbele ya benchi la Togo alikuwa Mjerumani Otto Pfister. Kibarua cha Keshi kilikuwa kimeota nyasi tangu Februari.

Kisa hicho kinajulikana, na wengi hukimaliza kwa kusema kwamba mashirikisho ya soka Afrika hayawaamini makocha Waafrika. Ni kweli, lakini hatujajibu swali. Kwa nini mtu yule yule aliitwa tena na Togo, kisha Mali, kisha nyumbani kwao Nigeria, akaachishwa, akarudishwa, akaachishwa tena? Angekuwa hana uwezo wasingemwita. Angekuwa anaaminiwa wasingemfukuza. Nikiipitia safari yake yote, kuanzia ubeki hadi ukocha, naona jambo moja linajirudia: Keshi alipewa kazi ya kutafuta matokeo, lakini hakupewa mamlaka wala muda wa kujenga timu. Na kwa kuwa alikuwa mtu aliyezoea mamlaka tangu ujanani, kila ajira yake ilikwenda na mgongano.

Nahodha kabla ya kocha

Keshi alizaliwa tarehe 23 Januari 1962 mjini Azare, kaskazini mwa Nigeria, katika familia yenye asili ya Illah katika jimbo la Delta. Alisoma Saint Finbarr's ya Lagos, shule yenye jina kubwa katika soka la vijana, akachezea ACB ya Lagos, kisha akahamia New Nigerian Bank ya Benin City. Mapema miaka ya 1980 alikuwa tayari kwenye timu ya taifa, na mwaka 1984 alikuwemo kikosini Nigeria ilipofungwa 3-1 na Cameroon katika fainali ya Afrika mjini Abidjan.

Mwaka 1985 yeye na wenzake kadhaa wa New Nigerian Bank walichelewa kuripoti kwenye kambi ya timu ya taifa, chama cha soka kikawafungia. Keshi hakukaa nyumbani kusubiri kifungo kiishe. Alikwenda Ivory Coast, akachezea Stade d'Abidjan na Africa Sports, na kutoka huko akavuka hadi Ubelgiji kujiunga na Lokeren. Mwaka 1987 alisajiliwa na Anderlecht. Hapo alitwaa Kombe la Ubelgiji mwaka 1988 na 1989, akacheza fainali ya Kombe la Washindi Barani Ulaya mwaka 1990 mjini Gothenburg ambako Sampdoria ilishinda 2-0 katika dakika za nyongeza, kisha akabeba ubingwa wa ligi mwaka 1991. Katika fainali ile ya Gothenburg, Mwafrika mwenzake kikosini alikuwa kiungo wa Zambia, Charly Musonda.

Wakati ule wachezaji wa Nigeria waliokuwa wakicheza Ulaya walikuwa wachache mno. Baada ya Keshi, Ubelgiji ikawa mlango wa wengi, wakiwemo Victor Ikpeba na Daniel Amokachi. Adhabu iliyokusudiwa kumnyoosha mchezaji mmoja ikaishia kufungua njia ya kizazi kizima. Keshi naye alijifunza mapema kwamba uamuzi wa viongozi unaweza kumtoa mtu kwenye timu bila kujali anachezaje.

Kitambaa cha unahodha alikivaa kwa miaka mingi, na jina lililomkaa ni Big Boss. Beki wa kati asiyesema uwanjani ni hasara kwa timu yake: kazi yake ni kumpanga beki wa pembeni, kumrudisha kiungo aliyepanda mno, kumkaripia anayelala. Anaishi kwa kuwategemea wenzake wakae mahali pao, kwa sababu mmoja akikosa nafasi, lawama ya bao inamwangukia yeye. Tabia hiyo ya kudai mpangilio na utii ndiyo mtaji mkubwa aliouingiza kwenye ukocha.

Kuna tukio la mwaka 1994 linalosaidia kumwelewa. Nigeria ilitwaa ubingwa wa Afrika mjini Tunis tarehe 10 Aprili kwa kuifunga Zambia 2-1, mabao yote mawili yakifungwa na Emmanuel Amunike. Keshi, nahodha wa kikosi, hakucheza fainali ile. Umri ulikuwa umesogea, na beki mwenzake Augustine Eguavoen ndiye aliyeongoza uwanjani. Hata hivyo hakuna aliyetilia shaka nahodha ni nani, na Keshi ndiye aliyepokea kombe. Miezi michache baadaye, kwenye Kombe la Dunia nchini Marekani, alicheza mechi moja tu, dhidi ya Ugiriki. Kocha Clemens Westerhof alimweka kikosini mtu ambaye miguu yake haikuwa tena ya kucheza kila mechi, kwa sababu chumba cha kubadilishia nguo kilimhitaji. Keshi aliona kwa macho yake kwamba mchezaji anaweza kuwa nguzo ya timu hata akiwa benchi.

Togo na Mali

Baada ya kutundika daluga Keshi alisomea ukocha Marekani, kisha akarudi Nigeria kuwa msaidizi wa Shaibu Amodu. Wawili hao waliisaidia Nigeria kufuzu Kombe la Dunia la 2002 na kushika nafasi ya tatu Afrika mwaka huo nchini Mali. Zawadi yao ilikuwa kufutwa kazi kabla ya Kombe la Dunia. Kwa hiyo alipokwenda Togo mwaka 2004 alikuwa tayari ameshaionja dawa hiyo.

Alichokifanya Togo kilistahili kusomwa darasani. Katika kundi lenye Senegal, Zambia, Mali, Congo na Liberia, alianza kwa kufungwa na Zambia, kisha akaijenga timu ngumu kufungika nyuma, yenye mshambuliaji mmoja wa hatari mbele. Emmanuel Adebayor alifunga mabao 11 katika safari ile. Togo iliifunga Senegal 3-1 mjini Lomé, ikatoka nayo sare ya 2-2 Dakar, ikamaliza kileleni.

Ndipo likaja Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la Januari 2006 nchini Misri. Togo ilipoteza mechi zote tatu: dhidi ya Congo Kinshasa, Cameroon na Angola. Keshi na Adebayor walikuwa hawaelewani, na ugomvi wao ulikuwa wazi kwa kila mtu. Shirikisho lilimtoa kocha. Pfister aliingia, na nchini Ujerumani timu ikatumbukia katika mgogoro wa bonasi mkubwa kiasi kwamba kocha huyo aliondoka siku chache kabla ya mechi ya kwanza, kisha akarudi. Togo ilifungwa mechi zote tatu tena. Yaani shirikisho lilibadilisha kocha Mwafrika kwa Mzungu na likavuna matokeo yale yale, kwa sababu tatizo la fedha na la nani mwenye kauli ya mwisho kambini halikuguswa. Mwaka 2007 Togo ikamwita Keshi arudi.

Mali, alikofundisha kuanzia 2008, kisa kilikuwa tofauti kidogo. Huko alikuwa na nyota wa kweli: Frédéric Kanouté, Seydou Keita, Mahamadou Diarra. Kwenye mechi ya ufunguzi wa AFCON 2010 mjini Luanda, Mali ilikuwa nyuma 4-0 dhidi ya wenyeji Angola zikiwa zimebaki kama dakika 11, ikarudisha yote manne na mechi ikaisha 4-4. Watu wengi hukumbuka zile dakika 11. Mimi nadhani dakika zilizotangulia zinatueleza zaidi kuhusu kocha, kwa sababu timu ya beki wa kati ilikuwa imefungwa manne huku safu ya ulinzi ikiwa haina mwenyewe. Mali ilifungwa na Algeria, ikaifunga Malawi, ikalingana pointi na Algeria na kutolewa kwa sababu ya matokeo ya wao kwa wao. Keshi aliondolewa. Hapa shirikisho lilikuwa na sababu. Timu yenye wachezaji wale ilistahili kuvuka makundi.

Mwaka 2013: alipoachiwa kuchagua

Nigeria ilimpa timu Novemba 2011, ikiwa imeshindwa kufuzu AFCON ya 2012. Hali ile mbaya ilimfaa, kwani hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwekea majina. Keshi aliwaacha Peter Odemwingie, Obafemi Martins na Taye Taiwo, wachezaji wenye majina makubwa Ulaya, na akaenda Afrika Kusini na wachezaji 6 wa ligi ya ndani. Kelele zilikuwa kubwa. Katikati ya ulinzi aliwaweka Godfrey Oboabona wa Sunshine Stars, klabu ya Akure, na Kenneth Omeruo aliyekuwa na umri wa miaka 19. Mtu aliyecheza nafasi hiyo maisha yake yote aliikabidhi kwa vijana wawili ambao mashabiki wengi nje ya Nigeria hawakuwahi kuwasikia.

Mwanzo ulikuwa wa kusuasua: sare ya 1-1 na Burkina Faso, sare ya 1-1 na Zambia, kisha ushindi wa 2-0 dhidi ya Ethiopia kwa penalti mbili za Victor Moses. Robo fainali ikaleta Ivory Coast ya Didier Drogba, Yaya Touré na Gervinho, timu iliyopewa nafasi kubwa zaidi ya ubingwa. Baadaye Keshi alisema hadharani kwamba kabla ya mechi ile alijua viongozi wanapanga kumwondoa. Mjini Rustenburg Emmanuel Emenike alifunga kwa faulo ya mbali, Cheick Tioté akasawazisha, na dakika ya 78 Sunday Mba, kiungo wa ligi ya ndani, akakokota mpira peke yake na kupiga shuti lililowaondoa Ivory Coast mashindanoni. Drogba siku ile alikosa nafasi ya kupumua mbele ya Oboabona na Omeruo.

Nusu fainali Nigeria iliichapa Mali 4-1. Fainali, tarehe 10 Februari 2013 mjini Johannesburg, iliamuliwa na bao la Mba dhidi ya Burkina Faso. Dakika za mwisho kabisa Keshi alimwingiza Joseph Yobo, nahodha mkongwe aliyepoteza namba kwa vijana wale wawili. Kiufundi haikubadilisha kitu. Lakini Yobo akapata kumaliza mechi uwanjani na kulinyanyua kombe akiwa nahodha. Kocha aliyeinuliwa hivyo mwaka 1994 alijua heshima ile ina thamani gani kwa mchezaji, na vijana waliotazama walijua kocha wao hamtupi mtu.

Keshi akawa mtu wa pili katika historia kutwaa ubingwa wa Afrika akiwa mchezaji na akiwa kocha, baada ya Mmisri Mahmoud El-Gohary. Kesho yake alitangaza kujiuzulu. Bingwa wa Afrika, chini ya saa 24 baada ya fainali, alisema hafanyi kazi na watu waliokuwa tayari kumfukuza wiki moja kabla. Viongozi na wanasiasa wakamsihi, akarejea.

Miezi kumi na sita iliyofuata ina mazuri mengi. Sisi wa Afrika Mashariki tulimwona kwa karibu. Machi 2013 mjini Calabar, Harambee Stars wa Kenya waliwatangulia mabingwa hao wapya kwa faulo ya Francis Kahata, Nigeria ikaokolewa na Nnamdi Oduamadi dakika za lala salama. Juni, mjini Nairobi, Ahmed Musa alifunga bao pekee na Keshi akaondoka na pointi tatu. Nigeria ilifuzu Kombe la Dunia kwa kuitoa Ethiopia. Nchini Brazil ilitoka suluhu na Iran, ikaifunga Bosnia 1-0, ikafungwa 3-2 na Argentina na kuvuka makundi. Bao dhidi ya Bosnia lilifungwa na Odemwingie, yule aliyeachwa mwaka 2013 akalalamika mbele ya dunia nzima. Keshi alimrudisha kikosini. Ukali wake haukuwa wa kisasi.

Ufaransa iliitoa Nigeria kwa 2-0 tarehe 30 Juni 2014. Hata hivyo Keshi alikuwa ameandika historia akiwa kocha wa kwanza Mwafrika kufika hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia. Kabla ya mechi ile wachezaji waligoma kufanya mazoezi kwa sababu ya bonasi, mgogoro ule ule wa Togo ya 2006. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa miezi kadhaa bila mshahara, akiwa bingwa wa Afrika.

Makosa yake

Anayempenda Keshi asiyafiche. Mechi za kufuzu AFCON 2015 zilikwenda vibaya na lawama kubwa ilikuwa yake. Nigeria ilifungwa 3-2 na Congo nyumbani, ikafungwa na Sudan ugenini. Timu iliyotwaa ubingwa kwa ulinzi imara ilikuwa imeanza kuvuja, na vijana wapya hawakuingizwa kwa ujasiri ule wa 2013. Mkataba wake ulikuwa umekwisha baada ya Brazil na alifundisha mechi hizo akiwa nusu ndani, nusu nje. Oktoba 2014 alifukuzwa mara tu baada ya kuifunga Sudan 3-1, wiki chache baadaye akarudishwa, Novemba akatoka sare ya 2-2 na Afrika Kusini mjini Uyo, na bingwa mtetezi akashindwa kufuzu. Alisaini tena mwaka 2015, akaachishwa Julai mwaka huo huo.

Vilevile hakujua kumaliza ugomvi kimyakimya. Adebayor, Odemwingie, viongozi wa shirikisho: mengi yaliishia magazetini. Mamlaka aliyokuwa nayo kama nahodha yalitokana na yeye mwenyewe. Ukocha ulimtaka apate mamlaka kwa njia ya mikataba, vikao na subira, na huko alikuwa dhaifu.

Lakini tupime makosa hayo kwa mizani ya haki. Kocha asiye na mkataba hawezi kupanga kizazi kijacho, kwa sababu kila mechi ni kesi yake. Atamchezesha anayeaminika leo, hata kama amechoka.

Alichopewa Cissé

Kipimo kizuri ni Senegal. Aliou Cissé, nahodha wa timu ya 2002 aliyekosa penalti katika fainali ya Afrika mwaka huo, alipewa timu Machi 2015. Mwaka 2017 alitolewa robo fainali. Mwaka 2018 alitolewa makundi ya Kombe la Dunia kwa tofauti ya kadi za njano. Mwaka 2019 alifungwa fainali ya Afrika na Algeria ya Djamel Belmadi, mzawa mwingine. Kwa kipimo alichopimiwa Keshi, Cissé angefukuzwa mara tatu. Senegal ilimwacha, na Februari 2022 alileta ubingwa wa kwanza wa Afrika katika historia ya nchi hiyo. Aliondoka mwaka 2024 tu, baada ya zaidi ya miaka 9.

Mwaka huo huo wa 2022 timu zote tano za Afrika kwenye Kombe la Dunia nchini Qatar zilifundishwa na Waafrika, wakiwemo mabeki wawili wa zamani: Rigobert Song wa Cameroon na Walid Regragui, aliyeifikisha Morocco nusu fainali. Mlango ambao Keshi aliusukuma Brazil ulikuwa umefunguka. Ila kufunguka kwa mlango na kupewa muda ni mambo mawili. Amodu, bosi wa zamani wa Keshi, aliifuzisha Nigeria Kombe la Dunia la 2002 na la 2010, na mara zote mbili timu ikapelekwa na mwingine. Eguavoen, aliyeongoza uwanjani mjini Tunis, ameitwa mara kadhaa kushika timu kwa muda.

Na huku kwetu

Tanzania inamjua mtu mmoja wa kizazi kile. Amunike, mfungaji wa mabao ya Tunis, aliipeleka Taifa Stars AFCON ya 2019, ya kwanza tangu 1980, akaondolewa mara baada ya kupoteza mechi tatu za makundi. Baadaye akaja Hemed Suleiman 'Morocco', Mzanzibari, aliyeifuzisha Stars AFCON ya 2025 kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea mjini Dar es Salaam Novemba 2024, bao la Simon Msuva. Novemba 2025, wiki chache kabla ya mashindano, shirikisho na kocha huyo walikubaliana kuachana, na timu ikakabidhiwa Miguel Gamondi, raia wa Argentina. Gamondi aliifikisha hatua ya mtoano, jambo ambalo Stars haikuwahi kulifanya, na anastahili pongezi. Hata hivyo utaratibu ni ule ule wa Lomé: anayelima si anayevuna. Kijana aliyemaliza kucheza leo anaona wazi kwamba ukocha wa taifa kwa mzawa ni kushikilia nafasi hadi mwenyewe afike.

Na vijana hao tunao. Mecky Mexime, beki aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars, aliingia ukocha akaifundisha Mtibwa Sugar aliyoichezea, kisha Kagera Sugar. Njia ya nahodha kwenda benchi ipo. Kinachokosekana ni hatua za juu za njia hiyo.

Kwa hiyo naona mambo matatu ambayo shirikisho lolote linaweza kuyafanya bila kusubiri fedha za FIFA. La kwanza, mkataba wa kocha wa taifa uvuke mashindano mawili, ili kufungwa kwenye la kwanza kuwe sehemu ya kazi. La pili, orodha ya wachezaji iwe ya kocha peke yake, iandikwe hivyo kwenye mkataba, na kiongozi anayepeleka majina awajibishwe. La tatu, mshahara na bonasi viwekwe mezani kabla ya kambi kufunguliwa, kwa mzawa kama inavyofanyika kwa mgeni. Hayo matatu yangemlinda Keshi dhidi ya viongozi wake, na pia yangetupa haki ya kumdai zaidi, maana anayepewa nyenzo zote hana wa kumlaumu.

Keshi alifariki Benin City tarehe 7 Juni 2016 akiwa na miaka 54, na siku chache baadaye Amodu akamfuata. Jimbo la Delta limeupa uwanja wa Asaba jina lake. Ni heshima nzuri, lakini heshima ambayo angeitambua zaidi ni kocha mzawa, wa Nigeria au wa Tanzania, kufungwa kwenye mashindano yake ya kwanza na kuripoti kazini Jumatatu inayofuata akiwa na mkataba mkononi.